Namugongo, Nyumba ya Wahudumu

Mwezi Mei ukielekea ukingoni, barabara kuu za Uganda hupata wasafiri wa aina nyingine. Wanatembea pembeni mwa lami kwa mistari mirefu, wengine na bendera ya parokia mbele, wengine na rozari tu mkononi, mkeka umekunjwa mgongoni na kidumu cha maji kinaning'inia. Wametoka Gulu na Lira, Fort Portal na Mbarara. Wametoka Kenya kwa njia ya Busia na Malaba. Wametoka kwetu Kagera wakavukia Mutukula. Wapo waliotembea siku chache na wapo waliotembea zaidi ya wiki mbili. Wote wanakwenda Namugongo, kama kilomita 15 kaskazini-mashariki mwa katikati ya Kampala, na wote wanataka kufika kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda.

Mimi sikwenda kwa miguu. Nilipanda basi Bukoba nikiwa na barua ya paroko mfukoni, kwa sababu walihitajika watu wa kusaidia kuwapokea mahujaji wanaozungumza Kiswahili. Tangu safari hiyo ya kwanza nimekuwa nikirudi. Nikifika nyumbani watu huniuliza habari za basilika, za umati, za ile Misa kubwa inayoonyeshwa kwenye televisheni. Yote hayo ni mazuri, na nitayafikia. Ila la kwanza moyoni mwangu ni kwamba Namugongo nilifundishwa imani nikiwa nimepiga magoti mbele ya beseni la maji, na ninaamini mahali penyewe pana sababu ya kufundisha hivyo.

Njia ya kutoka Bukoba nayo ina mafundisho yake kwa Mkatoliki anayetazama dirishani. Unavuka Mto Kagera pale Kyaka, ambako daraja lilivunjwa vitani mwaka 1978, unapita mpaka Mutukula, kisha migomba inakusindikiza hadi Masaka. Hapo Masaka ndipo alipoongoza Joseph Kiwanuka, aliyepewa uaskofu mwaka 1939, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati hizi kuwa askofu Mkatoliki wa jimbo. Nyuma yako umeacha Bukoba ya Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika, aliyeteuliwa mwaka 1960. Mwendo wa asubuhi moja tu unatenganisha nchi za watu hawa wawili, na wote wawili walitanguliwa na kundi la vijana waliouawa kabla Kanisa la pande hizi halijapata hata padre mmoja mzalendo. Ukipita mstari wa Ikweta pale Kayabwe, unakaribia Mpambire, ambako mafundi wa ngoma hupanga kazi zao kando ya barabara, kubwa kwa ndogo. Mimi nikiziona ngoma zile humkumbuka Andrea Kaggwa, aliyekuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na papo hapo mwalimu wa katekisimu.

Wengi wetu tuliwajua Mashahidi tukiwa watoto wa Komunyo ya kwanza. Tulijifunza jinsi walivyokufa: moto, matete, na Kabaka Mwanga mwenye hasira. Namugongo hukufanya uulize waliishije, na kazi yao ilikuwa nini. Wengi wao walikuwa wahudumu. Walikuwa vijana wa ikulu, waliopeleka ujumbe, waliohudumia wageni, waliosimama mlangoni wakisubiri kuitwa. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi katika nyumba ya Kabaka, na ndiye aliyetangulia kuuawa, tarehe 15 Novemba 1885, kwa kuwa aliwakinga vijana wake na matakwa machafu ya mfalme, na kwa kuwa alimkemea kwa kumuua askofu wa Kianglikana, James Hannington. Atanasi Bazzekuketta alitunza hazina. Noa Mawaggali alikuwa mfinyanzi. Ponsiano Ngondwe alikuwa askari. Yohana Maria Muzeeyi, wa mwisho kuuawa, Januari 1887, alijulikana kwa kuwauguza wagonjwa na kwa kutumia mali yake kuwakomboa watumwa. Ukiisoma orodha yao kwa kufuata kazi zao, unakuta kijiji kizima cha watu wanaowatumikia wengine.

Tena walijengana wenyewe kwa wenyewe. Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879 pamoja na Bruda Amans, wakitokea ng'ambo ya kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1882 wamisionari wakaondoka Buganda, wakahamia Bukumbi karibu na Mwanza, wasirudi hadi 1885. Kwa muda huo wote hapakuwa na Misa wala padre wa kuungama kwake. Palikuwa na kina Balikuddembe, Kaggwa na Matia Mulumba, walei waliokusanya watu majumbani mwao, wakawafundisha sala na kuwatunza wagonjwa. Mapadre waliporudi walikuta waamini wameongezeka. Mimi ni mlei, mtu wa jumuiya ndogondogo, na habari hii hunipa nguvu kuliko nyingine yoyote katika kisa chao.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo kando ya ziwa, Mwanga alirudi kutoka mawindoni mikono mitupu, akakasirishwa na habari kwamba kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikiro, waziri mkuu wake. Usiku ule Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi ya Balikuddembe, aliwabatiza wakatekumeni wanne waliokuwa chini yake, Kizito mdogo akiwa mmojawapo. Kesho yake hukumu ikatolewa, na safari ya kuelekea Namugongo ikaanza. Gonzaga Gonza pingu zilimchana miguu hata akashindwa kuendelea, akauawa njiani kwa mkuki tarehe 27. Waliofika waliwekwa vifungoni karibu wiki moja kuni zikikusanywa, na siku ya Kupaa Bwana, tarehe 3 Juni, wakafungwa katika mikeka ya matete wakachomwa, Wakatoliki pamoja na Waanglikana. Miongoni mwao alikuwa Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani kwa Mukajanga mwenyewe, mkuu wa wauaji. Lwanga alikuwa ametengwa na wenzake, akachomwa peke yake kwa moto wa polepole, kuanzia miguuni. Altare ya basilika imesimama hapo.

Basilika yenyewe, kazi ya mbunifu Mswisi Justus Dahinden, ilifunguliwa Juni 1975. Kwa mbali ni paa la mviringo lililochongoka kwenda juu, likishikwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki, na mtu yeyote aliyewahi kuona nyumba ya asili ya Kiganda, au msonge wetu wa Kihaya, anaitambua mara moja. Mgeni kutoka Bukoba haoni ugeni pale. Anaona msonge. Ndani yake mwanga ni mdogo na watu hawapazi sauti, tofauti kabisa na nje, ambako chini ya mteremko kuna bwawa lenye kisiwa cha ibada katikati, na kuzunguka bwawa ardhi imekaa kwa ngazi za majani zinazoweza kubeba bahari ya watu. Paulo VI alifika hapa mwaka 1969, katika ziara ya kwanza ya Papa aliye madarakani barani Afrika. Ni yeye aliyewatangaza Mashahidi kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Yohane Paulo II alifika mwaka 1993. Fransisko aliadhimisha Misa kando ya bwawa tarehe 28 Novemba 2015.

Kazi niliyopewa ilikuwa katika hema la miguu.

Sijui kama lina jina jingine. Sisi tuliokuwa mle tuliliita hivyo. Palikuwa na mabenchi, mabeseni ya plastiki, maji ya vuguvugu yenye chumvi, taulo, na nyuma ya pazia muuguzi mmoja, Sista wa Kiganda aliyesomea kazi yake Kenya na aliyezungumza Kiswahili kizuri. Masharti yake yalikuwa machache. Usitoboe lengelenge. Kausha katikati ya vidole. Mwenye kidonda kinachonuka mlete kwangu bila kumwonyesha kwamba umesikia harufu. Hilo la mwisho alilirudia kila asubuhi kabla ya kuanza, naye alilitamka kwa uzito uleule wa sala tuliyoanza nayo.

Mtu aliyetembea siku nyingi ana miguu inayoeleza njia yote. Vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya kucha. Alama za ndala zimejichora juu ya mguu, kwa sababu wengi raba huwashinda njiani wakabadili. Kisigino kimepasuka. Wapo waliofunga vidole kwa vitambaa vya kanga, na kitambaa kimegandana na ngozi, kwa hiyo hukivuti. Unakiacha ndani ya maji hadi kiachie chenyewe. Huko kusubiri ndiko nilikojifunza mengi. Mikono yako imeshika mguu wa mtu usiyemjua, huna la kufanya ila kungoja, naye huanza kusema.

Bibi mmoja aliyetoka upande wa Kisumu alikataa kabisa. "Tumsifu Yesu Kristo," nilimsalimu. "Milele amina, mwanangu. Lakini hii miguu niachie, nitajiosha." Nikamwambia, "Bibi, nimetumwa kwa kazi hii." Akatikisa kichwa. Sista akatoka nyuma ya pazia, akainama karibu yake, akamwambia taratibu, "Mama, hata Petro alikataa." Bibi akacheka, akavua kandambili. Kila Alhamisi Kuu parokiani kwetu wazee kumi na wawili hukaa mbele ya altare na miguu iliyokwisha kuoshwa nyumbani, na mimi tangu utoto niliitazama ibada ile kama kumbukumbu nzuri. Pale hemani niliielewa Injili ya Yohane sura ya 13 kwa namna ambayo mahubiri hayakuweza kunipa. Ni vigumu kuoshwa. Ni vigumu kuliko kuosha. Anayekupa miguu yake michafu amekuamini, na wewe unapoipokea huna budi kuwa mtu wa kuaminika, hata kama dakika moja kabla hukuwa.

Watu walileta nia zao. Baba mmoja alikuwa akitembea kwa ajili ya mwanawe aliyepotelea mjini na haandiki wala hapigi simu. Binti mmoja aliomba apate kujua kama aingie utawani. Vijana wawili walitembea kushukuru kwa sababu mama yao alitoka hospitali. Na palikuwa na mama mmoja, mtu wa makamo, aliyeweka nadhiri kwamba mumewe akipona atakwenda Namugongo kwa miguu. Mume hakupona. Walimzika mwezi wa tatu, naye mwezi wa tano akafunga mkeka wake akaanza safari ileile. Nilimuuliza kwa nini, ingawa labda haikuwa haki yangu kuuliza. Akasema, "Nilimwahidi Mungu safari. Sikumnunua."

Nimesoma vitabu kadhaa vya mafundisho juu ya sala ya maombi, kwa nini Mungu husikia na kwa nini hujibu anavyojibu. Ninavithamini. Lakini tangu siku ile kila ninapotaka kumwambia Mungu "ukinipa hiki nitakupa kile," sauti ya yule mama hunizuia. Sala zangu zimepungua maneno. Nyingi sasa ni majina tu: jina la mtu, kimya kidogo, jina jingine. Wanapoondoka hemani husema "Utuombee," nami hujibu "Nanyi mtuombee," na nimejizoeza kutolichukua neno hilo kama salamu. Nikilala usiku huwataja wote ninaowakumbuka. Nisiowakumbuka nawakabidhi kwa Muzeeyi, aliyewauguza wagonjwa wa Buganda kabla yetu.

Si kazi zote zina mguso kama wa hema lile. Kuna vyoo. Umati ambao magazeti huukadiria kwa mamilioni unahitaji vyoo, na vyoo vinahitaji watu wenye ndoo na fagio, usiku na mchana, hasa mvua ikinyesha na matope yakichanganyika na kila kitu. Kuna matangi ya maji yanayopaswa kulindwa ili kila mmoja achote kwa zamu. Kuna watoto wanaopotea, na hawa ni wengi. Unamshika mkono, unampeleka kwenye kipaza sauti, unasubiri naye hadi mama afike akilia. Kuna foleni za kitubio zinazopinda mara tatu, na mtu wa kuzipanga kwa lugha: padre huyu anasikia Kiswahili, yule Kiganda na Kiingereza, yule Kinyankole. Zamu ya foleni hiyo niliipenda sana. Ungewaona watu wazima, wababe wa sura, wakisogea hatua mojamoja kwa muda mrefu bila manung'uniko, kila mmoja akiangalia chini. Mwaka mmoja nilipomaliza kuwapanga nilisimama mwenyewe mwisho wa mstari. Nilikuwa na zigo la muda mrefu. Kilichonipa ujasiri ni wale waliokuwa mbele yangu.

Usiku Namugongo hailali. Mikeka imetandazwa kila penye nafasi, familia zimejifunika blanketi moja, kwaya moja inamaliza na nyingine inapokea kutoka upande wa pili wa bonde. Waacholi wana nyimbo zao, Waganda zao, na ukipita karibu na kambi ya Watanzania utasikia rozari inayosaliwa kwa Kiswahili, na mtu wa Kenya aliyelala jirani akiitikia bila hata kufumbua macho. Wenyeji wa vijiji vya jirani huja na chai na chapati. Wengine huuza, na wengine hutoa bure kwa wazee. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha ya Kanisa la pande zetu iliyo kamili kuliko zote nilizowahi kuona, na huipati ukifika asubuhi ya sikukuu ukaondoka jioni.

Tarehe 1 Juni ina uzito wa pekee kwetu Watanzania. Siku hiyo huadhimishwa Misa ya kumwombea Mwalimu Julius Nyerere atangazwe mwenye heri. Kanisa limekwisha kumwita Mtumishi wa Mungu, na Waganda wanaomkumbuka kwa kuanguka kwa Idi Amin huja kumwombea kwa moyo, pengine kuliko sisi wenyewe. Mara ya kwanza nilipokuwapo, mzee mmoja wa Masaka aliponisikia nazungumza aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kunishukuru kwa ajili ya Mwalimu, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Sikupata neno la kumjibu. Baadaye nilikwenda kukaa kidogo basilikani nikamwombea Mwalimu, nami ni mtu niliyekua namsikia redioni kila siku na sikuwahi kumwombea hata mara moja.

Kisha siku yenyewe. Kila mwaka jimbo moja au kundi la majimbo hukabidhiwa kuongoza ibada, kwa hiyo nyimbo na ngoma hubadilika mwaka hadi mwaka. Maaskofu huingia kwa maandamano marefu, wacheza ngoma wakiwatangulia. Mhudumu huona sehemu ndogo tu ya haya. Mwaka niliokuwa zamu ya matangi nilisikiliza Misa nzima kwa vipaza sauti, mgongo ukiwa upande wa altare, nikijaza vidumu. Wakati wa mageuzo kengele ilipolia, foleni yote ya maji ilipiga magoti palepale kwenye matope, vidumu mikononi, nami nikafunga bomba nikapiga magoti pamoja nao. Padre alitufikia na Komunyo chini ya mwavuli wa njano na nyeupe. Miaka mingi nimekaa viti vya mbele kanisani, nikiona kila kitu, na sijawahi kuwa karibu na altare kama pale.

Ukipata nafasi, nenda pia kwenye kituo cha Waanglikana, mwendo mfupi kutoka basilika, mahali ambapo wengi wa kundi lile walichomwa pamoja. Waanglikana wanawakumbuka mashahidi wao 23, sisi 22, na moto ulikuwa mmoja. Papa Fransisko alianzia huko asubuhi ile ya 2015 kabla ya kuja kwenye Misa. Kuna sanamu zinazoonyesha mateso waziwazi. Watoto wadogo huenda zikawatisha. Na kabla ya kuondoka Kampala fika Munyonyo, mahali hukumu ilipotolewa. Mahujaji ni wachache huko, na kuna nafasi ya kukaa. Hapo mimi humwombea Kabaka Mwanga. Alipinduliwa, akarudi, akapinduliwa tena, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli, na huko akabatizwa akaitwa Danieri kabla ya kufa mwaka 1903. Vijana waliomhudumia mezani walikuwa wamekwisha kuwa katika maombi ya watu, na mimi siwezi kuamini kwamba walimsahau.

Nyumbani mambo mawili yamebadilika. Katika jumuiya yetu nimeomba nipewe zamu ya wagonjwa, kazi niliyokuwa nikiwaachia akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwa kuamini kwamba wao ndio wenye karama hiyo. Na tunaposali litania ya Mashahidi wa Uganda, majina yale ya Kiganda ambayo zamani niliyapita haraka sasa nayapa nafasi. Nikifika kwa Gonzaga Gonza naona miguu. Kwa Mawaggali, mikono yenye udongo. Kwa Ssebuggwawo, kijana aliyekamatwa kwa sababu alikuwa na mwanafunzi mmoja.

Wapo vijana wa parokia walioniuliza jinsi ya kwenda, na haya ndiyo niliyowajibu. Zungumza na paroko mapema, kabla ya Pasaka ikiwezekana, ili jimbo liwasiliane na wenyeji. Mtu anayejitokeza tarehe 2 Juni akitaka kusaidia huongeza tu idadi ya watu wa kusaidiwa. Hati ya kusafiria iwe hai. Chukua mkeka, koti la mvua, raba zilizokwisha kuzoea miguu, tochi, na shuka unayoweza kuiacha kwa mwenye kuihitaji. Jifunze salamu za Kiganda, kwa sababu Mganda husalimia kwa utaratibu na mtu asiyesalimia hasaidii mtu. Usiombe kazi ya karibu na altare, pokea utakayopewa. Na usikate tiketi ya kurudi tarehe 3 jioni. Tarehe 4 asubuhi majani yote yamefunikwa na chupa za plastiki, maganda ya ndizi, ndala zilizokatika na mikeka iliyolowa, waandishi wa habari wamekwisha kuondoka, kwaya zimeondoka, na wanaobaki na magunia na reki ni wachache kuliko kazi iliyopo. Vijana wetu wanane wamejiandikisha kwa mwaka ujao, na hiyo tarehe 4 ndiyo niliyowaombea kwa wenyeji.